Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uuguzi wa Mgonjwa Mwenye Matatizo ya Upumuaji

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wanafunzi wa uuguzi, wauguzi wapya wodini na ndugu wanaomuuguza mgonjwa huyarudia zaidi. Yameanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, msomaji ataelekezwa kwenye swali husika. Maagizo ya daktari kuhusu mgonjwa fulani hutangulia maelezo ya jumla yaliyomo humu.

## Kumtazama mgonjwa

1. Mtu mzima hupumua mara ngapi kwa dakika, na kwa nini tunasisitiziwa kuhesabu dakika nzima?

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na kifua kupanda na kushuka huhesabiwa kuwa pumzi moja. Kuhesabu sekunde 15 kisha kuzidisha kwa 4 huokoa muda, lakini kosa la pumzi moja hugeuka kuwa kosa la pumzi 4, na mgonjwa anayepumua haraka, akasita, kisha akaanza tena, hatagundulika kabisa katika hesabu fupi. Ni vyema kuhesabu pasipo kumtangazia, kwa mfano ukiwa bado umeshika kifundo cha mkono wake kana kwamba unaendelea kupima mapigo, kwa sababu mtu akijua kuwa pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha bila kukusudia.

Miongoni mwa vipimo vyote vya kwenye chati, hiki ndicho kinachobuniwa zaidi. Ukikuta wagonjwa wote wa wodi wameandikiwa 18 asubuhi, mchana na usiku, elewa kwamba kuna aliyeandika bila kuhesabu. Hasara yake ni kubwa, maana mara nyingi kasi ya kupumua hupanda mapema, wakati presha ya damu bado inaonekana nzuri. Ndiyo sababu katika NEWS2, mfumo wa alama za tahadhari uliotolewa Uingereza mwaka 2017, pumzi 25 au zaidi kwa dakika hupewa alama 3, sawa na pumzi 8 au pungufu. Mgonjwa anayepumua polepole mno, hasa aliyepewa dawa kali za maumivu, yuko hatarini kama anayehema.

2. Mbali na idadi ya pumzi, nitazame nini?

Anza kwa kumtazama kabla hujamgusa. Anaweza kumaliza sentensi, au anakata maneno mawili matatu na kuvuta hewa? Ameketi akiinama mbele, mikono imeegemea magoti au meza? Misuli ya shingo inajitokeza kila anapovuta pumzi, pua zinatanuka, na nafasi kati ya mbavu zinabonyea? Je, pande mbili za kifua zinapanda kwa usawa? Kisha sikiliza. Mluzi wakati wa kutoa pumzi huashiria njia za hewa zilizobana ndani ya kifua, ilhali sauti kali ya kukwaruza wakati wa kuvuta pumzi huashiria kizuizi cha juu, karibu na koo, na hiyo ni dharura.

Hali ya akili nayo ni sehemu ya uchunguzi wa upumuaji. Mgonjwa aliyekuwa mpole asubuhi na jioni akawa mkali, au aliyekuwa akizungumza akawa msinziaji, huenda ubongo wake unakosa oksijeni au umeelemewa na hewa ya ukaa (tazama swali la 24).

3. Kipimo cha kidoleni kinaonesha asilimia 97. Je, mgonjwa yuko salama?

Si lazima. Oksimita, ambayo msingi wake uliwekwa na mhandisi wa Japani Takuo Aoyagi mwaka 1974, hupima ni sehemu gani ya himoglobini, yaani kibeba oksijeni kilichomo katika damu, iliyobeba oksijeni. Haipimi hewa ya ukaa, haipimi wingi wa damu, wala haioneshi mgonjwa anatumia nguvu kiasi gani kuipata hiyo 97. Mgonjwa wa pumu anaweza kuwa na 97 huku amechoka kiasi cha kukaribia kuacha kupumua, na mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kuwa na 99 ilhali oksijeni inayofika mwilini ni kidogo. Aliyevuta moshi wa jiko la mkaa au wa moto ndani ya chumba kilichofungwa ndiye hudanganya zaidi, kwa kuwa himoglobini iliyobeba monoksidi ya kaboni huonekana na mashine kana kwamba imebeba oksijeni.

Namba ya chini nayo ihojiwe. Vidole vya baridi, rangi ya kucha, kutetemeka na presha iliyoshuka huharibu usomaji. Hakikisha kwamba mapigo yanayooneshwa na oksimita yanalingana na uliyoyahesabu kwa mkono. Yakitofautiana, usiiamini namba ya oksijeni. Aidha, kifaa hiki huwa na tabia ya kuonesha namba ya juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta kwamba upungufu wa oksijeni usioonekana na oksimita ulitokea karibu mara 3 zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kwa mgonjwa mweusi mwenye 93 na anayehema, dalili ziaminiwe kuliko mashine.

4. Vitabu husema ngozi hugeuka samawati. Kwenye ngozi nyeusi nitaionaje?

Tazama ulimi, ufizi, upande wa ndani wa midomo na wa kope, kisha viganja na nyayo, penye mwanga wa mchana ikiwezekana. Rangi inaweza kuwa ya kijivu au ya kupauka badala ya samawati. Kumbuka pia kwamba hii ni dalili ya kuchelewa, na mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza asiioneshe kabisa.

## Mkao, pumzi na makohozi

5. Mgonjwa anayehema alazwe vipi?

Asilazwe chali. Kichwa cha kitanda kiinuliwe angalau nyuzi 45, na akiwa na shida kubwa aketishwe wima kabisa, kwa kuwa mtu akilala chali tumbo husukuma kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, juu na kupunguza nafasi ya mapafu. Wengi hupata nafuu wakiketi ukingoni mwa kitanda huku mikono na kichwa vikiegemea meza yenye mto. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi ameshaugundua mkao unaomfaa kabla yetu, hivyo usimrudishe kitandani kwa sababu tu shuka limepangwa vizuri.

Kosa linaloonekana kila siku ni kumwinua mgonjwa kisha kumwacha ateleze hadi akakunjika kiunoni, kidevu kikagusa kifua. Mkao huo hubana tumbo kuliko hata kulala. Mvute juu, weka mto chini ya mapaja, na kagua makalio na visigino, kwa sababu anayeketi muda mrefu hupata vidonda vya mgandamizo haraka.

Wapo wanaolazwa kifudifudi. Utafiti wa PROSEVA wa mwaka 2013 ulionesha kuwa wagonjwa wenye hali mbaya sana ya mapafu walio kwenye mashine ya kupumulia hunusurika zaidi wakilazwa hivyo kwa angalau saa 16 mfululizo. Kazi hiyo huhitaji timu nzima, mmoja akishika kichwa na mrija wa hewa pekee.

6. Pafu moja tu likiwa na ugonjwa, alalie upande gani?

Kwa mtu mzima, kanuni ni kulalia pafu zima. Damu hufuata mvutano wa dunia, na kwa hiyo nyingi itapita kwenye pafu linaloweza kuipa oksijeni. Kanuni hii hugeuka pale ambapo pafu gonjwa linatoa damu nyingi au lina jipu: hapo pafu gonjwa huwa chini, ili damu au usaha visimwagike kwenye pafu zima na kumzamisha mgonjwa.

7. Kuna namna ya kupumua inayopunguza kukosa pumzi?

Ipo, nayo hufaa zaidi kwa wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Mgonjwa huvuta pumzi taratibu kwa pua akihesabu moja, mbili, kisha hubana midomo kama anayepuliza chai ya moto na kutoa pumzi polepole akihesabu hadi nne. Midomo iliyobanwa huacha shinikizo dogo ndani ya njia za hewa, ambalo huzizuia zisifunge kabla hewa iliyonaswa haijatoka. Afundishwe siku ambayo hana shida, kwani aliyeshikwa na hofu ya kukosa hewa hawezi kujifunza jambo jipya. Wakati wa shida, mwuguzi hupumua naye, uso kwa uso, bila maneno mengi.

8. Makohozi mazito yatolewe vipi?

Kukohoa kwa nguvu mfululizo humchosha mgonjwa na kufunga njia ndogo za hewa. Ni bora avute pumzi ya wastani, kisha aitoe kwa nguvu akiwa amefungua mdomo na koo, kama anayetaka kutia ukungu kwenye kioo. Afanye hivyo mara moja au mbili, apumzike kwa pumzi za kawaida, arudie, na amalizie kwa kikohozi kimoja makohozi yanapofika juu. Kumgeuza na kumtembeza husaidia kuliko inavyodhaniwa.

Kuhusu maji, mgonjwa aliyepungukiwa maji huwa na makohozi yanayonata, hivyo anywe kadiri ya kiu na zaidi kidogo. Shauri la "kunywa maji mengi" lisitolewe ovyo, hata hivyo, kwa mwenye moyo ulioshindwa au figo zilizodhoofu, ambaye kiasi chake hupangwa na daktari.

9. Rangi ya makohozi inatuambia nini, na sampuli ichukuliwe vipi?

Makohozi ya njano au kijani huonesha kuwa chembe za kinga zimo kazini, lakini hayathibitishi kuwa bakteria ndio chanzo. Yenye povu jekundu hafifu kwa mgonjwa anayehema ghafla huashiria maji kujaa mapafuni, yenye rangi ya kutu huonekana kwenye baadhi ya nimonia, na damu ya aina yoyote huripotiwa pamoja na kiasi chake.

Sampuli nzuri ni ya alfajiri, kabla ya kula, baada ya kusukutua mdomo kwa maji matupu. Mweleze mgonjwa tofauti kati ya mate na kohozi linalotoka ndani ya kifua. Maabara nyingi hulalamikia mate. Pale kifua kikuu kinaposhukiwa, atoe sampuli nje, hewani, pasipo mtu mbele yake.

10. Mgonjwa anakataa kula kwa sababu anachoka. Tufanyeje?

Kwa aliyeishiwa pumzi, kutafuna na kumeza ni kazi ngumu. Mpe chakula laini, kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, baada ya kupumzika na baada ya dawa ya kupanua njia za hewa. Kama anatumia oksijeni ya barakoa, uliza kama anaweza kubadilishiwa mirija ya pua wakati wa kula, badala ya kumvua barakoa na kumwacha bila kitu. Aketi wima, na abaki hivyo angalau nusu saa baada ya kula. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika asilishwe kwa kulazimishwa, maana atapaliwa.

## Oksijeni

11. Nani apewe oksijeni, na kwa kiwango gani?

Oksijeni ni dawa. Huandikwa, hupimwa, hufuatiliwa na huondolewa. Hutolewa kwa mtu ambaye kiwango chake cha oksijeni kimeshuka, na kukosa pumzi peke yake si sababu ya kutosha. Kwa mtu mzima aliyeugua ghafla, lengo la kawaida ni asilimia 94 hadi 98. Kwa makundi fulani ni 88 hadi 92 (swali la 12). Mgonjwa aliye mahututi asisubiri maandishi: aanzishiwe lita 15 kwa barakoa yenye mfuko, kisha kiwango kishushwe hali ikitulia.

12. Kwa nini mgonjwa mmoja atafutiwe 88 hadi 92 wakati jirani yake anatafutiwa 94 na kuendelea?

Baadhi ya wagonjwa, hasa wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, unene uliokithiri au udhaifu wa misuli ya kupumua, huishi wakiwa na hewa ya ukaa nyingi mwilini. Wakijazwa oksijeni, mishipa ya damu kwenye sehemu mbovu za mapafu hulegea na kupitisha damu pasipo na hewa ya kutosha, himoglobini huachilia hewa ya ukaa iliyoibeba, na msukumo wa kupumua hupungua. Hewa ya ukaa hupanda, mgonjwa huumwa kichwa, hupata joto la ngozi, viganja hupigapiga anaponyoosha mikono, kisha husinzia. Kwenye oksimita bado kutasomeka 99, na aliye karibu naye atasema kwamba sasa amepata usingizi mzuri.

Ukimkuta hivyo, usimkatie oksijeni ghafla, kwa sababu kiwango chake kinaweza kuporomoka chini kuliko kilivyokuwa mwanzo. Punguza hatua kwa hatua hadi 88 hadi 92, mwite daktari, na andaa kipimo cha gesi za damu. Wala hofu ya hewa ya ukaa isimfanye mwuguzi amwache mgonjwa kwenye asilimia 75: upungufu wa oksijeni huua haraka zaidi.

13. Nitumie kifaa kipi?

Mirija ya pua hutumika kwa lita 1 hadi 6 kwa dakika na hutoa takriban asilimia 24 hadi 44 ya oksijeni, ikilinganishwa na 21 iliyomo katika hewa ya kawaida. Barakoa ya kawaida hutumika kwa lita 5 hadi 10, na isiwekwe chini ya lita 5, kwani mgonjwa ataivuta tena hewa aliyoitoa. Barakoa yenye mfuko huhitaji lita 10 hadi 15, na mfuko ujazwe kabla ya kumvisha na usinywee kabisa anapovuta pumzi. Barakoa ya Venturi ndiyo inayotoa kiwango kinachojulikana hasa, kama 24 au 28, na kwa hiyo humfaa mgonjwa wa swali la 12.

Baada ya kuweka kifaa, rudi baada ya dakika chache uone kama kimesaidia. Fuata mrija kwa mkono kutoka usoni hadi kwenye chanzo: mirija iliyochomoka, iliyokanyagwa na gurudumu la kitanda, au iliyounganishwa kwenye mtungi mtupu si mambo ya nadra. Kagua pia ngozi ya nyuma ya masikio na ya kigongo cha pua.

14. Je, ni kweli kwamba mafuta ya kujipaka ni hatari karibu na oksijeni?

Ndiyo. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini hufanya vitu vingine viwake kwa urahisi na kwa kasi. Midomo na pua zilizokauka zipakwe kilainishi chenye asili ya maji badala ya mafuta ya petroli. Valvu ya mtungi isiguswe kwa mikono yenye mafuta, mtungi ufungwe wima usianguke, na sigara, mshumaa na jiko vikae mbali, nyumbani pia. Nguo na matandiko hushika oksijeni, hivyo anayetaka kuwasha moto baada ya kuzima oksijeni asubiri kwanza.

## Dawa za kuvuta

15. Mgonjwa anatumia pampu kila siku lakini hapati nafuu. Kosa liko wapi?

Kabla ya kumwongezea dawa, mwambie akuoneshe anavyoitumia. Pampu ya kupuliza hutikiswa, mgonjwa hutoa pumzi yote, hubana mdomo kwenye kifaa, hubonyeza anapoanza kuvuta pumzi taratibu na kwa kina, kisha huzuia pumzi kwa sekunde 10 na kusubiri nusu dakika hadi dakika moja kabla ya mpulizo wa pili. Kosa la kawaida ni kubonyeza kwanza na kuvuta baadaye, dawa ikaishia kwenye ulimi. Spesa, chombo chenye uwazi kinachowekwa kati ya pampu na mdomo, huondoa tatizo hilo. Ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe. Kuifuta kwa kitambaa huipa umeme tuli unaoinasa dawa. Pampu ya unga ni kinyume chake: huvutwa kwa nguvu na kwa kasi, wala haipulizwi ndani.

Mwenye dawa ya steroidi asukutue na kutema baada ya kila dozi, la sivyo ataota utando mweupe mdomoni. Uliza pia anatumia pampu ipi. Wengi huipenda ile inayofungua kifua papo hapo na kuisahau ile inayotuliza uvimbe. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamol, dawa ya kufungua kifua papo hapo, peke yake.

16. Nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, si ina nguvu zaidi kuliko pampu?

Kwa shambulio la pumu lisilo kali sana, pampu yenye spesa, mpulizo mmoja baada ya mwingine, hufanya kazi sawa na nebulaiza. Nebulaiza hufaa kwa mgonjwa aliyechoka au asiyeweza kushirikiana. Kwa pumu kali huendeshwa kwa oksijeni ya lita 6 hadi 8. Kwa mgonjwa wa swali la 12 huendeshwa kwa hewa ya kawaida, huku oksijeni yake ikiendelea kwa mirija ya pua.

## Magonjwa na makundi maalumu

17. Mgonjwa wa pumu alikuwa anapiga mluzi, sasa kifua kimenyamaza. Amepata nafuu?

Amepata nafuu ikiwa anaongea vizuri, pumzi zimepungua na rangi yake ni nzuri. Kama amelegea, anasinzia, anashindwa kutamka neno, au oksijeni iko chini ya 92, basi ukimya huo unamaanisha kuwa hewa haipiti tena kiasi cha kutoa sauti. Hiyo ni dharura ya kuhatarisha maisha: piga kelele ya msaada, mpe oksijeni, endelea na salbutamol, na usiondoke kitandani. Hata kabla hajafika huko, pumzi 25 au zaidi na mapigo 110 au zaidi kwa mtu mzima humweka katika kundi la pumu kali. Majibu ya gesi za damu yanayoonesha hewa ya ukaa "ya kawaida" nayo ni ishara mbaya hapa, kwa kuwa anayehema hivyo alipaswa kuwa nayo chini.

18. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, nani avae barakoa gani?

Mgonjwa huvaa barakoa ya upasuaji, ambayo hunasa matone yanapotoka kinywani. Mwuguzi huvaa N95 au inayolingana nayo, ambayo huchuja chembe ndogo zinazoelea hewani kwa saa nyingi, na kazi yake hubatilika ikivujisha pembeni, ikiwamo kwa sababu ya ndevu. Dirisha lililo wazi mkabala na mlango ulio wazi ni kinga kubwa isiyohitaji umeme. Vyombo na nguo za mgonjwa haviambukizi, hivyo hakuna sababu ya kumtengea sahani na kumdhalilisha.

Mweleze mapema kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, itaugeuza mkojo na machozi kuwa ya rangi ya chungwa. Asiyeambiwa hudhani anakojoa damu na kuacha dawa.

19. Kwa mtoto, mambo yanabadilikaje?

Hesabu akiwa ametulia, si anapolia wala kunyonya. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kupumua haraka ni pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Kifua cha chini kubonyea ndani, mguno kila anapotoa pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege na kulegea ni dalili za hatari. Mwache mikononi mwa mama yake wakati wa kumchunguza, kwani mtoto anayelia hutumia oksijeni zaidi. Ikiwa kuna sauti ya kukwaruza na mate yanamtoka, usimkandamize ulimi ili kuangalia koo. Njia ya hewa inaweza kufunga papo hapo.

20. Baada ya upasuaji wa tumbo, kwa nini tunamsumbua mgonjwa kwa mazoezi ya kifua?

Kwa sababu maumivu humfanya apumue juujuu, na vifuko vya hewa vya chini ya mapafu husinyaa na kukaribisha nimonia. Mpe kwanza dawa ya maumivu na uisubiri ifanye kazi. Kisha akumbatie mto juu ya kidonda, avute pumzi nzito takriban mara 10 kila saa awapo macho, akohoe, aketi kitini na atembee mapema.

## Mirija na mashine

21. Kunyonya makohozi kwenye mrija wa hewa kufanywe kila baada ya saa ngapi?

Hakuna saa maalumu. Hufanywa makohozi yanaposikika au kuonekana, au oksijeni inaposhuka, kwa maana kila mara huondoa pia hewa, hukwaruza utando na huweza kushusha mapigo ya moyo. Mpe oksijeni ya ziada kwanza, tumia katheta isiyozidi nusu ya upana wa ndani wa mrija, iingize bila kunyonya, kisha nyonya ukiitoa, yote yakiisha ndani ya sekunde 10 hadi 15. Kwa mtu mzima shinikizo la milimita 80 hadi 120 za zebaki hutosha kwa kawaida. Kumwaga maji ya chumvi mrijani kila mara ni mazoea ya zamani yasiyofaa tena. Kuhusu mkao wa mgonjwa aliye kwenye mashine, nyuzi 30 hadi 45 pamoja na usafi wa kinywa hupunguza nimonia.

22. Mrija wa shingoni umechomoka. Nifanye nini kwanza?

Ita msaada na weka oksijeni usoni na kwenye tundu la shingo, yote mawili. Tundu lisilozidi siku 7 bado halijakomaa, na kulazimisha mrija kunaweza kuupeleka kwenye nyama badala ya njia ya hewa. Hivyo mgonjwa huyo hupewa pumzi kwa juu hadi mtaalamu afike. Kando ya kila kitanda cha aina hii kuwe na mrija wa akiba wa ukubwa uleule na mwingine mdogo zaidi, na vikaguliwe kila zamu.

Ila kuna wasio na njia ya juu kabisa. Aliyeondolewa zoloto hupumua kwa shingo tu, na oksijeni ya usoni haimfikii. Tofauti hii iandikwe ukutani juu ya kitanda, kwa herufi kubwa, kabla ya dharura.

23. Chupa ya maji ya kifua, ile inayopokea hewa au majimaji yanayotolewa kifuani kwa mrija, ikianguka au mrija ukichomoka?

Mrija ukiachana na chupa, tumbukiza ncha yake katika maji safi ya hospitali, kina cha sentimita 2 hivi, hadi chupa mpya iunganishwe. Ukichomoka kifuani, ziba tundu kwa bandeji iliyobandikwa pande tatu na uite daktari. Mrija unaotoa mapovu usibanwe kamwe, hata wakati wa kumhamisha mgonjwa, kwa sababu hewa itajaa kifuani na kukandamiza moyo. Chupa ibaki chini ya usawa wa kifua. Maji ya mrijani yanayopanda na kushuka na pumzi ni dalili kwamba njia iko wazi. Yakitulia, ama pafu limetanuka au mrija umeziba, na hali ya mgonjwa ndiyo itakayokuambia.

## Hali za pembeni

24. Usiku mgonjwa anahangaika, anavua barakoa na kuwasumbua wengine. Apewe dawa ya usingizi?

Kwanza hesabu pumzi zake, pima oksijeni, kagua mrija, na uangalie kama anasinziasinzia katikati ya fujo. Kuhangaika ni dalili ya mapema ya ubongo kukosa oksijeni, na dawa ya usingizi itamtuliza kwa kuondoa pumzi iliyobaki. Tafuta pia kibofu kilichojaa, maumivu na hofu. Kumfunga mikono humwongezea hofu na kumnyima mkao wa swali la 5. Dawa ya kutuliza iagizwe na daktari aliyefika kumwona, si kwa simu.

25. Matibabu ya kuponya yamefikia mwisho na mgonjwa bado anakosa pumzi. Kuna la kufanya?

Lipo, na ni la uuguzi kwa sehemu kubwa. Feni ndogo inayopuliza usoni, hasa kwenye mashavu na pua, hupunguza hisia ya kukosa hewa hata pale ambapo oksijeni ya damu haibadiliki. Fungua dirisha, punguza watu chumbani, muinue, muulize maswali ya kujibiwa kwa kutikisa kichwa. Mofini kwa dozi ndogo, iliyoagizwa na kufuatiliwa, hutuliza hisia hiyo, na ndugu waelezwe kuwa haitolewi ili kuharakisha kifo. Oksijeni haimsaidii sana ambaye kiwango chake si cha chini, na barakoa humzuia kuongea na watu wake. Sauti ya makohozi kooni katika saa za mwisho huwatesa zaidi walio kando ya kitanda kuliko mgonjwa asiye na fahamu. Mgeuze ubavu, msafishe kinywa, na usimnyonye makohozi kwa kina kwa ajili ya masikio ya wengine.